Shimo la kokoto la ushirika wetu Micheweni: njia ya gari ipite wapi, na tutalifunga vipi?

Mwana wa Maweni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nipo wilaya ya Micheweni, Pemba, upande wa mashariki, kule ambako hata kaburi huchimbwa kwa mtaimbo. Shehia naiacha, wenyeji watajua. Mama yangu anagonga kokoto tangu sijaanza skuli. Anakaa chini, pete ya mpira wa tairi mkono wa kushoto, jiwe ndani ya pete lisiruke, nyundo mkono wa kulia. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha miaka mingi sasa. Kwa nyundo hiyo nimesoma.

Sasa tuna ushirika, watu 31, wengi wao akina mama. Mmoja wetu ana eneo la ukoo, wenziwe wamekubali kwa maandishi, mita 45 kwa 60. Ni uwanda mtupu, mawe na vichaka, mhogo haukui. Tunataka tuache kuparura juu juu. Tukodi kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, siku chache king'oe mawe, watu wagonge, tipa zije kupakia.

Tumeomba kibali, tukaambiwa tuambatanishe mpango wa njia ya gari na wa kurejesha ardhi baada ya kuchimba. Katibu wetu akaandika: "Baada ya uchimbaji eneo litapandwa miti." Mstari mmoja. Karatasi ikarudi.

Wala sitamlaumu aliyeirudisha. Hapa jirani tunalo shimo la kifusi, mkandarasi mmoja alilichimba kwa ajili ya barabara akaondoka zake. Kuta zimesimama wima kama za kisima. Masika linajaa. Mbuzi wawili wameshakufa humo, na mtoto mmoja alitolewa kwa kamba ya ndoo, alhamdulillahi yu hai. Tukisema "tutapanda miti" watu wanacheka, maana hata yule alisema hivyo hivyo.

Kuhusu njia, tunazo mbili. Ya kwanza ni fupi, kama mita 220 kutoka barabara kubwa, lakini inapita baina ya makaburi na pahala anapoanika mwani bibi mmoja jirani yetu, kisha inateremka kwenye kibonde. Ya pili kama mita 400, inafuata njia ya zamani ya gari ya ng'ombe. Wengi wetu wanataka ile fupi. Mimi moyo hautulii.

Mwenye ujuzi atusaidie. Tunachimba hadi mita tano.

Dereva wa Konde

Waalaykumussalaam. Fupi ndiyo njia. Mafuta ghali yakhe. Mita 180 za ziada kwenda na kurudi, kila safari, hesabu mwenyewe.

Greda Mstaafu

Dereva, wewe unahesabu mafuta, hujahesabu springi.

Nimekaa juu ya greda miaka mingi, Unguja na Pemba. Mwanangu Mwana wa Maweni, nikupe siri moja: njia ya gari ya ng'ombe usiidharau. Ng'ombe hana digrii lakini hapiti kwenye maji wala hapandi pahala pakali akiwa na mzigo, na mwenye ng'ombe keshahangaika masika thelathini hadi kaijua hiyo njia. Nenda kaiangalie siku ya mvua. Utaikuta iko mgongoni mwa ardhi, maji yanakwenda kushoto na kulia. Ile yako fupi inashuka kibondeni. Pale utahitaji kalvati, utahitaji kujaza kifusi cha kunyanyua njia, na kila mwaka baada ya masika utarudi kujaza tena. Mita 180 utaziona rahisi.

Adui wa njia ni maji, gari linakuja baadaye. Chukua njia ya mita 400 yenye upana wa mita 5. Ikinyesha mvua ya milimita 50 tu, na Pemba hiyo ni asubuhi moja ya mwezi wa nne, juu ya njia hiyo peke yake zimeanguka lita 100,000. Mapipa 500. Yakikosa pa kutokea, yatatafuta kwa kupasua njia yako katikati, na mwisho wa njia yako ni shimo lako.

Kwa hiyo fanya hivi. Tipa ina upana wa mita mbili na nusu. Njia ya gari moja iwe mara mbili ya gari, yaani mita 5. Usitengeneze mita 9 njia nzima kwa ajili ya kupishana, mtamaliza pesa na ardhi za watu. Tengeneza mita 9 sehemu mbili tu, na madereva wawe wanaonana kutoka moja hadi nyengine. Katikati ya njia panyanyuke sentimita 10 hadi 12 kuliko ukingoni, kama mgongo wa kobe. Mitaro pande zote mbili, na kila mita 40 hivi mtaro ukatiwe mkono wa kutolea maji nje porini, yasije yote kwa pamoja. Na pale njia inapoingia eneo la shimo, nyanyua tuta dogo la kukata maji yasitumbukie.

Habari njema ni kuwa nyenzo mnayo. Kifusi cha mawe ya matumbawe ukikitandaza, ukakimwagia maji, ukakishindilia kikiwa na unyevu, kinajishika chenyewe kama umetia saruji kidogo. Wakati wa vita vikuu vya pili Wamarekani walijenga viwanja vya ndege kwenye visiwa vya Pasifiki kwa kifusi cha matumbawe hicho hicho. Ila usimwage kikavu ukatarajia tipa zikushindilie. Zitakichimba mikondo miwili tu ya magurudumu.

Bi Nyundo

Mimi nagonga kokoto Unguja, si Pemba, lakini nyundo ni moja. Nashukuru nyote kwa maelezo. Namuuliza kijana: umepanga njia ya gari, umepanga shimo. Mama yako atakaa wapi?

Maana kwetu walitutia chini kabisa, karibu na ukuta, kwa kuwa kuna kivuli. Tipa inarudi kinyumenyume, dereva haoni kitu, sisi tunainuka na pete zetu mkononi tunakimbia. Siku moja jiwe liliteleza kutoka juu likavunja chungu cha chai. Chungu tu, Mungu mkubwa. Tangu siku ile nakaa nje juani.

Mwana wa Maweni

Bi Nyundo, shikamoo. Wallahi sikulifikiria hilo. Katika mchoro wetu akina mama hawamo kabisa. Nitalipeleka kikaoni.

Mpima Ardhi

Nimesoma tangu juu. Njia nimuachie Mzee Greda, hapo sina la kuongeza ila vumbi, nitalisema baadaye. Mimi nazungumzia shimo.

Kosa la watu wengi ni kuchora shimo la kuchimbia, halafu mwisho ndio wanafikiria kulifunga. Geuza. Chora kwanza shimo likiwa limeshafungwa, kuta zimelala, mtoto anaweza kuingia na kutoka kwa miguu yake. Ukishapata mchoro huo, rudi nyuma uone unaruhusiwa kuchimba wapi.

Ukuta utakaoshika udongo na miti, uulaze angalau moja kwa tatu, yaani ukishuka mita 1 uwe umekwenda mbele mita 3. Shimo la mita 5 linataka mlalo wa mita 15. Kuna namna mbili za kuupata.

Ya kwanza: unachimba wima mpaka mpakani kwa jirani, kisha unatafuta kifusi cha kujaza ule mlalo wote kutoka chini. Kila mita moja ya urefu wa ukuta itakula mita za ujazo 37 na nusu. Kifusi hicho utakitoa wapi? Hutakitoa. Ndiyo maana mashimo yote mnayoyaona yana kuta wima.

Ya pili: unaacha kuchimba kabla hujafika mpakani, unabakisha mita 7 na nusu za ardhi juu. Siku ya kufunga, kijiko kinakata pembe ya juu na kuiangusha chini. Nusu ya mlalo imekatwa, nusu imejazwa. Unachosogeza ni mita za ujazo 9 na kitu kwa kila mita ya ukuta. Robo tu, na kipo hapo hapo, hakibebwi na gari.

Juu ya hiyo acha mita 5 za usalama kutoka mpakani. Jumla mita 12 na nusu kila upande.

Dereva wa Konde

Mpima umemaliza eneo la watu! 45 kutoa 25 inabaki 20. 60 kutoa 25 inabaki 35. Wachimbe mita za mraba 700 katika 2,700? Si bora wabaki na mbuzi?

Mwana wa Maweni

Nami nimefika hapo hapo kwenye hesabu, nikaacha kalamu. Mpima, robo ya eneo tu?

Mpima Ardhi

Niliwasubiri hapo. Nani alikwambieni mchimbe mita tano?

Fanyeni hesabu ya mita tatu. Mlalo wa moja kwa tatu sasa ni mita 9, nusu yake ni 4 na nusu, ongeza zile 5 za usalama, unaacha 9 na nusu kila upande. Ndani unapata 26 kwa 41, mita za mraba 1,066.

Sasa ujazo. Mita tano: 700 mara 5 ni 3,500. Mita tatu: 1,066 mara 3 ni karibu 3,200. Mtasema bado tano imeshinda. Subirini. Gari linashuka vipi? Mteremko wa tipa iliyobeba usizidi moja kwa kumi. Kushuka mita 5 unataka mteremko wa mita 50, na ndani ya shimo lako una mita 35, kwa hiyo utapinda. Mteremko huo wa upana wa mita 5 umekaa juu ya mawe ambayo hukuyachimba, mita za ujazo 625. Kushuka mita 3 unataka mita 30 tu, zinaenea kwenye 41 bila kupinda, na umeacha mita za ujazo 225.

3,500 toa 625: 2,875.
3,200 toa 225: 2,975.

Shimo fupi limetoa mawe mengi zaidi. Hesabu hii ni ya eneo dogo kama lenu, mwenye eka kumi apige ya kwake.

Mwana wa Maweni

Nimeisoma mara tatu. Nimemsomea mama. Kasema, "Hilo la mita tano lilikuwa la nani?" Kwa kweli ni mwenye kijiko ndiye aliyetwambia tano, na yeye analipwa kwa saa.

Kisima Chumvi

Nitie langu kuhusu hizo mita tano, hata kama hesabu ya mawe ingezikubali. Visiwani maji matamu tunayokunywa yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyo ndani ya mawe. Kanuni yake inajulikana: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake pana kama mita 40 nyengine za maji matamu zinazoizuia chumvi. Ukiyapunguza maji ya juu kidogo, chumvi inapanda kwa mara nyingi zaidi. Na jiwe la matumbawe limejaa matundu na mapango. Mafuta ya kijiko yakimwagika leo chini ya shimo, hayana udongo wa kuyachuja.

Kabla hamjaanza, pimeni kina cha maji katika visima vya karibu, mwisho wa masika wakati maji yako juu, si mwezi wa pili. Sakafu ya shimo ibaki mita kadhaa juu ya hapo. Na kijiko kitiwe mafuta juu, si chini.

Ngisi Mkavu

Kwani lazima lifunikwe? Liacheni lijae maji mfuge samaki. Serikali inahimiza ufugaji.

Kisima Chumvi

Ngisi, jiwe la matumbawe halishiki maji. Shimo likikaa na maji kiangazi na masika, ujue hilo si bwawa, mmefika kwenye maji ya ardhini na mmekifunua kisima cha mji mzima. Chakula cha samaki na kinyesi chake vinaingia kwenye ndoo ya jirani. Likikauka kiangazi, samaki wako wamekufa. Na yanayotuama wiki chache baina ya hayo mawili ni ya mbu. Bwawa la samaki linataka kinamo, udongo wa mfinyanzi, na kinamo kiko mabondeni kwenye mpunga, si Maweni.

Ngisi Mkavu

Haya nimekubali. Nilikuwa nauliza tu.

Mvita Old Boy

Mimi wa Mombasa, nimeoa Wete, naingilia kwa ruhusa ya ukwe. Mnajua Bamburi? Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe, kama yenu, tangu miaka ya 1950. Likabaki jangwa jeupe, jua linarudi usoni. Mwaka 1971 Mswisi mmoja mtaalamu wa kilimo, René Haller, akapewa kazi ya kulirejesha. Akajaribu aina 26 za miti. Zikasimama tatu: mvinje, mnazi, na mti wa Kisomali uitwao damas.

Mvinje ndio uliobeba kazi. Mizizi yake ina vijidudu vinavyotengeneza mbolea ya naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo unaota hata pasipo na udongo. Lakini majani yake yakaanguka yakalala tu, hayaozi, makali. Basi wakaleta majongoo. Jongoo akala yale majani, akatoa kinyesi, kinyesi kikawa udongo. Leo pale ni msitu, watu wanalipa kiingilio, pakaitwa Haller Park. Nilikwenda na skuli nikiwa mdogo, nikadhani ni msitu wa Mungu tangu zamani.

Mtu wa Mjini

Hadithi nzuri, lakini Bamburi walikuwa na kiwanda nyuma yao. Hawa wana nyundo. Na mnawapa mzigo akina mama wa kokoto wakati wakubwa wanachimba mchanga Unguja wanaacha mahandaki na hawaulizwi na mtu. Mpango wa nini? Jazeni fomu, mpate kibali, mchimbe.

Mwana wa Maweni

Mtu wa Mjini, wewe utasoma uzi huu utalala. Mimi shimo hili litakuwa mita mia mbili na nyumba yetu.

Mpima Ardhi

Alilosema Mtu wa Mjini kuhusu pesa ni kweli, sitampuuza. Ushirika hauwezi kuweka fungu kubwa la kufungia shimo mwishoni. Mwishoni huwa hamna pesa, hamna hata ushirika. Ndiyo maana kufunga kunakwenda pamoja na kuchimba.

Gharama kubwa ya kijiko ni kukibeba kukileta. Kikishafika, saa moja zaidi si kitu. Basi kila kikija, saa zake za mwisho zifanye kazi ya kulaza ukuta wa pahala palipokwisha. Ligaweni eneo vipande vitatu. Cha kwanza ni pale mguu wa mteremko unapofikia, ndicho uwanja wa kugeuzia na kitabaki wazi hadi siku ya mwisho. Cha pili mkichimbe, mkimalize, kuta zake zilale kabla hamjagusa cha tatu. Mkifungua cha tatu, udongo wake wa juu uende moja kwa moja ukatandazwe juu ya cha pili. Udongo umebebwa mara moja tu. Hiyo ndiyo akiba yenu.

Na udongo huo ndio roho ya mpango wote. Kwenu huko haufiki hata sentimita 10, umejificha kwenye matundu ya mawe. Eneo litakaloguswa, pamoja na kuta zitakazokatwa, ni 35 kwa 50, mita za mraba 1,750. Sentimita 10 juu yake ni mita za ujazo 175. Hauzidi hapo, na hautapatikana mwengine. Ukwanguliwe kabla ya jiwe la kwanza kung'oka, uwekwe pembeni kwenye tuta lisilozidi mita 2, gari lisipite juu yake, wala usichanganywe na kifusi. Acheni majani yaote juu yake. Nimeona pahala udongo wa juu uliuzwa kwa ajili ya bustani za maua ya hoteli kabla kijiko hakijazima moto. Waliouza hawakuwa wageni.

Miti mtakayopanda ichanganyeni. Mvinje utangulie kwenye sakafu na sehemu zisizo na udongo, mkunazi na mwarobaini kwenye kuta zilizolala. Mkungu upande wa chini wenye udongo zaidi. Mpande mwanzo wa masika, na mbuzi wazuiwe angalau miaka miwili. Mbuzi ndiye anayeishinda miradi mingi ya miti, na wenye miradi hawamtii katika ripoti zao.

Bi Nyundo

Mbuzi na mkandarasi, wote wanakula na kuondoka.

Lakini swali langu bado. Tunakaa wapi?

Greda Mstaafu

Bi Nyundo umenifikirisha usiku mzima, na naona nilikosea kitu.

Sote tumedhania tipa ishuke shimoni. Kwa nini ishuke? Kijiko cha kawaida kikisimama chini kwenye mita tatu, kinanyanyua na kumwaga juu ya ukingo bila taabu. Kwenye mita tano kinababaika. Basi mawe yamwagwe juu, nyuma ya tuta la usalama, na akina mama wakae juu, upande wa upepo, kwenye banda la makuti. Kokoto zikishagongwa zinalala kwenye lundo, na tipa inakuja kwenye lundo kutoka upande wa pili. Gari na nyundo hazikutani. Chini anabaki kijiko na mwenye mtaimbo, nao wasiwe chini siku moja.

Mteremko bado muuweke, kijiko kitashuka vipi na mtu atatoka vipi. Lakini si njia ya tipa tena, mita 4 za upana zinatosha, na mawe yaliyobaki chini yake yamepungua. Siku ya kufunga hauvunjwi. Unaachwa, ndio mlango wa mtoto na mbuzi kutokea.

Tuta la usalama ukingoni liwe na kimo cha nusu ya gurudumu la gari kubwa litakalofika pale, lisipungue. Mawe mabovu yasiyofaa kugongwa ndiyo ya kazi hiyo.

Bi Nyundo

Sasa umenena. Makuti mapya lakini, si yale ya banda la kuku.

Sheha Mstaafu

Nimefuatilia kimya. Neno dogo kuhusu zile njia mbili. Hata kama ile fupi ingekuwa bora kwa maji na kwa gari, mngegombana. Tipa ishirini kwa siku zikipita kando ya mwani ulioanikwa, vumbi litaingia, na mwani wenye mchanga mnunuzi anaukata kilo au anaukataa. Bibi yule hatakwenda mahakamani. Atakuja kwa sheha, na sheha atakosa la kumwambia. Ukija upande wa mikarafuu ni hayo hayo, karafuu ziko jamvini na gari linapita.

Makaburi nayo, msiseme "tutapita pembeni." Pembeni ya leo ni juu ya kaburi masika ijayo gari likikwepa tope.

Andikeni mkataba na wenye mashamba ya ile njia ndefu kabla hamjakata kichaka. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, sawa, lakini mhogo na mnazi una mwenyewe, na njia ya ng'ombe watu waliyoiridhia miaka yote si ruhusa ya tipa. Na muulizieni ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, mapema kiwango cha tathmini ya mazingira mnachotakiwa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, kisha mkae na watu wa misitu na wa maliasili kama mawe na mchanga wilayani. Nendeni na mchoro mkononi. Mtu mwenye mchoro huulizwa maswali, asiye na mchoro huambiwa arudi kesho.

Dereva wa Konde

Mimi naondoa neno langu la fupi. Lakini mzee, vumbi hata njia ndefu lipo.

Mpima Ardhi

Ndilo nililosema nitalirudia. Maji ya boza yanataka pesa na kwenu maji ni ya kutafuta. Dawa ya bei nafuu ni mwendo. Tipa isizidi kilomita 20 kwa saa kwenye njia yenu, na andikeni kwenye stakabadhi ya kupakia: dereva anayekimbia hapakii kesho. Wekeni maji mbele ya nyumba tu, si njia nzima. Na muda: zisipite wakati watoto wanakwenda skuli na wanaporudi madrasa.

Mwana wa Maweni

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu, niwape habari.

Tulikaa kikao uani kwetu, akina mama wote walikuja. Nilichora shimo lililofungwa kwa mkaa kwenye sakafu, kuta zimelala, halafu nikarudi nyuma kama Mpima alivyosema. Mwenye kijiko naye alikuwepo, alipoona mita tatu akanuna, akasema kazi ndogo haimlipi. Mama akamwambia kazi ni ile ile imelazwa tu. Akacheka, akakubali.

Njia ni ile ndefu. Wenye mashamba watatu wametia saini, wa nne anataka minazi yake miwili ilipwe kwanza, na ana haki. Nilikwenda kuitazama siku ya mvua kama Mzee Greda alivyoniagiza. Kweli njia ya ng'ombe ilikuwa imekauka juu, maji yakienda pande zote mbili, na kile kibonde cha njia fupi kilikuwa na maji ya magotini. Nilipiga picha nikawapelekea waliokuwa wanabisha.

Visima viwili vya karibu tumevipima kwa kamba na jiwe. Tutarudia masika yakimalizika, na mpaka hapo sakafu ya mita tatu ndiyo tuliyoiandika.

Karatasi imepelekwa, kurasa sita na michoro miwili. Safari hii hawakuirudisha. Wametuuliza maswali mawili, moja la udongo wa juu utawekwa wapi, na jengine akina mama watakaa wapi. Bi Nyundo, nilikukumbuka.

Lile shimo la zamani halina mwenyewe wa kulifunga. Kikao kimekubaliana kijiko kikija kwetu, saa mbili za kwanza ziende kule, angalau upande mmoja ukatwe ulale, anayetumbukia apate pa kupandia.

Jumamosi tunapiga vigingi. Mwenye mpira wa maji wa kupimia usawa, wa mita 20 au zaidi, aliyepo Micheweni au Konde, anazime. Wetu umepasuka.

Dereva wa Konde

Ninao wa mita 25. Nipitie baada ya Alasiri, usije mikono mitupu.